Tairi la kiwandani au tairi pana? Kruza yako ivalishwe nini nyuma hapa Mombasa

Jumapili jioni nenda Mama Ngina, upande wa wauza mihogo na madafu, utazikuta kruza, zile pikipiki kubwa za kiti cha chini, zimeegeshwa safu moja. Watazame watu wanaozizunguka. Mbele hupita tu. Wakifika nyuma husimama, huinama, mmoja hutanua vidole kupima, kisha huuliza: “Hili tairi namba ngapi?”

Swali hilo ndilo lililonitia gharama. Nina Yamaha Drag Star 650, ambayo kiwandani hutoka na 170/80-15 nyuma na jembamba la 100/90-19 mbele. Niliivalisha 180/70-15, nikaiendesha mwaka na miezi kadhaa, misimu miwili ya mvua, halafu nikarudi kwenye 170. Kwa hivyo nina upande wangu katika kesi hii, na sitauficha. Lakini sababu zilizonirudisha huenda kwako zisiwe na uzito. Labda wewe huvuki Likoni kila asubuhi.

Namba za ubavuni

Wengi husoma namba ya kwanza wakaishia hapo. Katika 170/80-15, ile 170 ni upana kwa milimita. 80 ni asilimia: ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 136. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, unapata kipenyo cha tairi zima:

170/80-15: milimita 653
180/70-15: milimita 633
200/70-15: milimita 661

Tazama hilo la katikati. Upana umezidi milimita 10, kimo kimepungua milimita 20. Ukilivalisha, ekseli ya nyuma inashuka milimita 10, na kruza yenyewe tangu hapo imelala chini kama paka aliyeshiba. Matuta ya mitaani Kisauni, yale ambayo watu hujijengea wenyewe kwa mawe na udongo, nilikuwa nayapita salama. Nilipobadilisha tairi nikaanza kusikia bomba la moshi likikwaruza.

Tairi fupi pia huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule. Kati ya 653 na 633 kuna asilimia 3 hivi, na injini nayo inazidi kuzunguka kwa kiasi hicho ukiwa giya ile ile. Kuondoka kwenye taa kunakuwa kwepesi kidogo, lakini safari ya Malindi injini inalia. Mita ya spidi ikiwa inasoma gurudumu la mbele, haina habari. Ikiwa inasoma nyuma au kwenye giaboksi, itakuonyesha 103 nawe uko 100.

Mwenye kruza ndogo hukutana na kinyume chake. Bajaj Avenger 220 huja na 130/90-15, na mwenye tamaa hutaka 140/90-15. Kwa kuwa asilimia ni ile ile 90, upana ukizidi na kimo kinazidi: kutoka milimita 615 hadi 633. Giya zinakuwa ndefu. Ukiwa peke yako hutahisi. Mpakie mtu na begi lake, panda kutoka Miritini kwenda Mazeras nyuma ya lori la kontena, utajikuta unashuka giya mapema kuliko ulivyozoea.

Penseli mbili

Kabla hujauliza bei, chukua penseli ya mtoto wa shule. Unene wake ni milimita 7 hivi. Msimamishe mtu aishike pikipiki wima, kisha pitisha penseli kati ya tairi ulilo nalo na ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, mafundi huuita swingamu. Fanya kushoto, fanya kulia. Pitisha tena kati ya tairi na fito la breki, kati ya tairi na cheni kama unayo, kati ya tairi na kuta za madigadi. Zungusha gurudumu polepole huku unapima, maana rimu ya zamani huwa imepinda mahali.

Tairi likiongezeka milimita 10, kila upande unapoteza 5. Kama penseli moja ilikuwa inapita kwa taabu, utabaki na milimita 2, na hizo zinaisha pikipiki ikianza kazi: tairi hutanuka kidogo kwa moto na mwendo, swingamu nayo hujipinda kidogo ukiingia kona na mzigo. Mimi hutaka penseli mbili zipite kwa pamoja ndipo mazungumzo yaanze.

Namba yenyewe ya ubavuni ichukulie kama makadirio. 170 ya mtengenezaji mmoja hupishana milimita kadhaa na ya mwingine, na rimu nayo ina la kusema: kila nusu inchi ya upana wa rimu huongeza au kupunguza upana wa tairi kwa milimita 5 hivi. Hapo ndipo penye siri ambayo muuzaji hatakwambia. Tairi pana ukilivalisha kwenye rimu nyembamba, midomo yake, zile kingo zinazoshika rimu, inabanwa ndani na mgongo unachongoka. Likisimama wima linagusa lami kwa mstari wa katikati tu. Langu lilikuwa hivyo. Baada ya miezi sita katikati palikuwa pameanza kulika, ukingoni bado zile nywele za mpira za kiwandani hazijakatika. Nilikuwa nimenunua upana ambao barabara haikuwahi kuuona.

Na 200? Kwa Drag Star sahau. Haina cheni. Nguvu hupita kwenye shafti iliyofichwa ndani ya mkono mmoja wa swingamu, na mkono huo mnene hausogei. Kwenye pikipiki ya cheni wapo wanaosogeza gurudumu kwa spesa na kuweka sproketi, ile gurudumu la meno linaloshika cheni, ya mbele iliyotokeza nje ili cheni ilikwepe tairi. Inawezekana, ila unazihamishia beringi za giaboksi uzito wa kuvutwa mahali ambapo hazikupangiwa. Ukifika hapo utataka swingamu nyingine, rimu nyingine na madigadi nyingine, basi ni heri uuze pikipiki ununue iliyozaliwa na tairi hilo.

Wapo pia wanaovalisha tairi la gari nyuma kwa sababu ni bapa na hudumu. Midomo ya tairi la gari na kitako cha rimu ya pikipiki havikuchongwa kimoja kwa ajili ya kingine. Mimi sipandi.

Kosa langu mwenyewe

Niliposema pima madigadi, nasema kwa mtu aliyekosea. Siku ya kuvalisha 180 niliinama nikatazama juu ya tairi, nikaona nafasi imeongezeka. Bila shaka imeongezeka, tairi ni fupi. Nikafurahi. Ubavuni sikutazama, pale waya wa taa ya nyuma unapopita kandokando ya madigadi ukishikwa na vibanio vya bati.

Wiki ya tatu natoka Mtwapa usiku, mama watoto yuko nyuma. Kila tuta nasikia msuguano mdogo, kama mtu anayepangusa meza kwa kitambaa kikavu. Nikaudharau. Karibu na Bombolulu matatu ikanijia ubavuni, kondakta amejitoa nusu mwili mlangoni: “Mzee! Nyuma huna taa! Wataka kutuulia mama?” Nikaingia kituo cha mafuta. Fyuzi imekatika, waya umemenywa plastiki yote hadi shaba inang'aa, na ubavuni mwa tairi kuna mfereji mwembamba uliochorwa na kibanio. Mama watoto alishuka akaenda kununua maji, hakusema neno. Heri angesema.

Ukichagua tairi pana, ule waya uhamishe kabla gurudumu halijarudi mahali pake. Kisha mketishe abiria mzito nyuma, rukarukeni, utazame kinachogusa.

Barabarani

Nianze na sifa za tairi pana, maana linazo. Kwenye lami nyoofu na laini, kama barabara ya Dongo Kundu, pikipiki inatulia vizuri. Inakwenda kama jahazi lenye shehena, na upepo wa kusi ukikupiga ubavuni kwenye yale madaraja huoni usukani ukicheza. Sehemu ya hisia hiyo, nadhani, ilikuwa kichwani mwangu. Nilishalipa pesa, lazima nihisi kitu.

Wanaosema tairi pana linashika barabara maradufu wanakosea. Eneo la mpira linalogusa chini huamuliwa zaidi na uzito ulio juu yake na upepo uliomo ndani. Uzito ni ule ule, upepo ni ule ule, basi eneo halibadiliki sana. Linabadilika umbo: fupi na pana zaidi. Nyuma ya pikipiki kama yangu ni kama kiganja cha mkono, tairi liwe lipi. Mpira mpya wa saizi ya kiwandani hushika kuliko mpira mpana ulioanza kukauka.

Kona ndizo zilizonichosha. Tairi likiwa pana, unapolala kona sehemu inayogusa chini inahama mbali na katikati ya pikipiki, kwa hivyo lazima ulale zaidi kupita kona ile ile kwa mwendo ule ule. Kwa hesabu yangu kutoka 170 hadi 200 ni kama digrii moja, kutoka 170 hadi 180 hata hiyo haifiki. Sio nyingi. Kinachosumbua ni mbele na nyuma kutosikilizana. Mbele una 100 iliyo mviringo inayotaka kuanguka haraka, nyuma una pana inayotaka kusimama. Usukani unausukuma, pikipiki inafikiri kwanza, halafu inakubali. Mzunguko wa pale kwenye daraja la Nyali ulikuwa mwendo mmoja wa mkono, ukawa miwili.

Na ukiingia Mji wa Kale, kwenye vichochoro vinavyotokea Ndia Kuu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, huku mkokoteni mbele na watoto nyuma, ndipo utajua uzito wa nyuma una maana gani.

Halafu kuna lami ya malori. Kutoka Changamwe kupitia Miritini kwenda Mazeras, kontena zote za bandarini hupita hapo, polepole, juani. Lami ikipata moto chini ya mzigo hubonyea, ikaacha mifereji miwili ya magurudumu na kigongo katikati. Tairi la mviringo hupanda kigongo na kushuka, ukahisi kidogo tu. Langu pana lilikuwa linadaka ukingo wa mfereji na kutaka kuufuata. Unataka kuhama kulia ulipite lori, nyuma inakuvuta kushoto. Mara ya kwanza nilidhani nimepata pancha. Baada ya mwezi nikazoea, lakini kuzoea hatari si sawa na hatari kuondoka.

Masika na feri

Mvua ikinyesha Aprili na Mei, maji husimama barabarani hapa kisiwani kama yamealikwa. Kanuni ni kwamba tairi pana huanza kuelea juu ya maji kwa mwendo mdogo kuliko jembamba, mengine yakiwa sawa. Kwa mwendo wa mjini hilo ni nadra kukufika. Linalokufika ni mchanga uliosombwa na mvua ukatandazwa kwenye kona za Bamburi na Shanzu, na mafuta yaliyomwagika kwenye vituo vya matatu. Hapo hakuna tairi la kukuokoa, pana wala jembamba.

Kwenye feri ya Likoni ile ngazi ya chuma huwa imelowa maji ya bahari, watu wamekuzunguka pande zote, na unapanda kwa mwendo wa konokono. Kushika, yote mawili ni sawa tu. Tofauti niliiona kwenye miguu. Kruza iliyoshuka milimita 10 inakuwezesha kukanyaga chini vizuri zaidi, na kwa mtu mfupi hilo ni jambo. Nalihesabu kwa tairi pana, bila kinyongo.

Kununua na kuvalisha

Matairi ya bodaboda yako kila kona, ya kruza ya inchi 15 hayako. Mara nyingi huagizwa Nairobi au ng'ambo, na bei hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo sitaitaja. Saizi ya kiwandani ni rahisi kidogo kupatikana. Yote mawili yana ugonjwa mmoja: hukaa dukani muda mrefu kwa sababu wanunuzi ni wachache. Tafuta ubavuni herufi DOT, soma namba nne za mwisho. 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa limekaa zaidi ya miaka mitano, mimi silichukui hata nikipunguziwa nusu bei, tena kwa joto letu hili.

Soma pia namba ya mzigo. 77H ina maana tairi linabeba kilo 412 na kustahimili kilomita 210 kwa saa. 77S ni mzigo ule ule kwa 180. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye tairi la asili ati kwa sababu jipya ni pana.

Rimu yangu ni ya spoku, kwa hivyo lazima tyubu. Fundi wa pancha kijana kule Mwembe Tayari alitaka kurudisha tyubu ya zamani ndani ya tairi jipya pana.

“Ami, itajaa tu ukiitia upepo.”

“Itajaa, mwanangu, lakini kwa kuvutika. Ngozi ibaki nyembamba kama puto.”

“Sasa si ni milimita kumi tu, ami?”

Nikamlipa kazi aliyokwisha kuifanya, nikaenda kutafuta tyubu ya saizi yake. Tyubu iliyovutika ikichomwa na msumari hupasuka kwa ghafla badala ya kupungua taratibu, na nyuma ya kruza iliyobeba wawili sitaki mambo ya ghafla.

Tairi likiwa limetoka, usikimbilie kulivalisha jingine. Funua ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Chumvi ya hewa yetu hupenya, na mara nyingi utakuta kutu ndani ya rimu inayong'aa nje. Piga msasa, paka rangi, weka utepe mpya. Hakikisha fundi anatumia maji ya sabuni na vipande vya plastiki kukinga rimu, siyo nguvu na bisibisi. Mshale wa ubavuni uelekee linakozunguka gurudumu. Upepo utie kadiri ya kibandiko cha pikipiki. Yangu ni paundi 33 nikiwa peke yangu na 36 nikipakia.

Ungekuwa umeketi nami hapa

Ningekuuliza kwanza pikipiki yako inafanya nini. Ikiwa inatoka Jumamosi na Jumapili, Nyali hadi Mtwapa na kurudi, picha chini ya zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, na penseli mbili zinapita, nenda hatua moja ya upana, usizidi. Utafurahi, na ile asilimia 3 utaisahau. Chagua saizi ambayo kipenyo chake hakipishani na cha asili kwa zaidi ya hapo.

Ikiwa ni ya kazini kila siku, au unafuata malori kwenda Mariakani, au unapakia mtu mara kwa mara, baki na namba ya kiwandani. Pesa utakayookoa nunulia tairi la mbele, ambalo watu hulisahau hadi limekuwa kipara, nalo ndilo linalobeba kazi kubwa ya breki. Na ikiwa pikipiki yako ni ya cheni na kruza ndogo, ongeza fikra moja: injini ndogo haina nguvu za ziada za kuzungushia mapambo.

Langu pana sikulitupa. Pale pale Mama Ngina kuna bwana mwenye Kawasaki Vulcan 900 Classic, akaliona limefungwa nyuma ya pikap ya rafiki yangu, akasoma ubavuni na kucheka. Pikipiki yake hutoka kiwandani na 180/70-15. Nikamuuzia kwa bei ya kirafiki. Jumapili iliyofuata nilikwenda kuliangalia likiwa kwake, kwenye rimu pana kuliko yangu: mgongo umekaa bapa, pande zote zina nafasi, na ile katikati iliyokuwa inalika kwangu inagusa lami pamoja na ukingo wake. Vijana wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, mmoja ametanua vidole, wanaulizana ni namba ngapi.